Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Mombasa: paneli juu ya paa si ghorofa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi. Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia ardhi na mipango ya miji.

YAH: KANUNI ZA UJENZI NA MATUMIZI YA ARDHI KUHUSU SOLA ZA JUU YA MAPAA

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wenzetu wasioamkuana hivyo, hamjambo nyote.

Mimi ni fundi wa sola, mkazi wa Mikindani. Kazi yangu iko juu ya mapaa ya watu, kuanzia Shanzu hadi Likoni. Ombi langu kwenu ni fupi ingawa barua yenyewe si fupi: andikeni kwenye kanuni za kaunti kwamba paneli za sola zilizofungwa juu ya paa si ghorofa, si jengo jipya, wala si kubadilisha matumizi ya kiwanja, na kwamba mwenye nyumba hahitaji kupitisha ramani ili aziweke maadamu amefuata masharti machache yanayojulikana. Kisha hayo masharti yaandikeni kwa vipimo, ili mtu akiwa na tepu yake mkononi ajue yuko ndani ya sheria au nje yake kabla hajatoa shilingi mfukoni.

Najua litakalosemwa kwanza: stima ni mambo ya Nairobi. Si yote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, pale penye kazi za kaunti, limeitaja mipango na maendeleo ya kaunti, na ndani yake limeweka usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo imeitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Leseni za mafundi zatolewa na EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti kawi na petroli, na kuunganishwa na laini ya stima ni kazi ya Kenya Power. Hayo hatuyaleti kwenu. Paa ndilo lenu. Jengo liwe na urefu gani, likae umbali gani na mpaka, mtaa uwe na sura gani, nani ajenge nini na wapi, yote hayo yapita mezani penu chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019.

Sheria hiyo yataka kibali kwa kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi, na kwa badiliko lolote la maana katika matumizi ya jengo. Maneno mapana. Ukiyasoma kwa ukali, paneli sita juu ya mabati ni kazi, na zataka mchoro, ada na muhuri. Ukiyasoma kwa upole, ni chombo tu kilichofungwa juu ya nyumba, sawa na dishi la televisheni ambalo hakuna aliyewahi kuliombea ruhusa. Katikati ya ukali na upole huo ndipo tunapofanyia kazi. Mteja mwoga anaacha. Mteja jasiri anaita fundi wa bei rahisi Jumapili, kazi inamalizika kabla ya magharibi, na hakuna anayekuja kuangalia kama nyaya zimefungwa sawasawa, kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe hataki mtu aje. Hasara ya ukimya wa sheria ni hiyo: watu hawakatai kufunga sola, wanakataa kuonekana.

Na kwa nini nang'ang'ania mapaa? Kwa sababu ardhi hatuna. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kwenye kaunti yenye kilomita mraba kama 220. Jirani zetu wa Kilifi waliweza kutandaza paneli za megawati 52 pale Langobaya, Malindi, na mtambo ukaanza kazi 2021. Sisi uwanja wa ukubwa huo tungeutoa wapi? Tungebomoa mitaa. Lakini jua ni lile lile. Kila mita mraba ya paa la Mombasa hupata, kwa wastani wa mwaka, zaidi ya kilowati-saa 5 za jua kwa siku, na paneli za kilowati moja zikifungwa vizuri hutoa kama yuniti 4, yaani kilowati-saa 4, kwa siku. Yuniti 4 ni friji ndogo, feni mbili tatu za kuzunguka mchana kutwa, na taa. Kwa mji ambao feni si anasa, hilo si jambo dogo.

Tuanze na uzito, maana ndiyo hofu ya kwanza kutajwa kila mahali. Inueni macho juu ya mapaa ya mji huu. Kwa sababu maji ya mfereji hayaaminiki, kila nyumba ya slebu, yaani paa bapa la zege, imebeba matangi. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, zimekaa mahali pasipozidi mita mraba 4. Paneli moja ya siku hizi ina kilo 22 hadi 28 na ukubwa wa mita mraba 2 na ushee. Kumi zao pamoja na reli zake hazifiki nusu tani, tena zimesambaa juu ya mita mraba 20 na zaidi. Anayeogopea slebu aogope matangi kwanza. Hatari ya paneli ni upepo kuingia chini yake na kuinyanyua, na hiyo ndiyo kanuni iishughulikie: bolti ziingie wapi, ngapi, na zivumilie kusi la mwezi wa Julai. Nyumba ya mabati yenye boriti za mikoko ni habari nyingine. Hapo uzito pia ni hoja, na kabla ya kufunga chochote fundi lazima apande, aguse boriti moja moja, aone iliyoliwa na mchwa.

Sasa tusidanganyane. Afisa anayezitilia shaka sola za juu ya slebu ana sababu yake. Mtu ana nyumba ya ghorofa tatu na kibali cha ghorofa tatu. Anasimamisha nguzo za chuma juu ya slebu, mita mbili na nusu, anafunga paneli juu yake. Pazuri hapo: kamba za nguo zapita chini, matangi yamepata kivuli, watoto wana pa kuchezea. Baada ya muda anazungusha mabati upande wa kusi, ati kuzuia mvua. Halafu upande wa pili. Ramadhani ikifika pana mlango, kitasa na mpangaji. Nimeziona nyumba hizo, na wenyewe ukiwauliza wanakwambia ni "stendi ya sola".

Dawa yake si kuzikataa stendi. Dawa ni kuzitenga na zile za chini. Paneli zinazolala juu ya paa la mwinamo zisiinuke zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye mabati au vigae. Kipimo hicho ndicho Uingereza wanachokitumia kwa nyumba za kawaida, na aliye ndani yake haombi ruhusa ya mipango. Sisi tuliorithi kwao nusu ya mazoea yetu ya vibali tungeweza kurithi na hili. Juu ya slebu, paneli zisizopita sentimita 60 kwenda juu na zilizoacha mita moja kutoka ukingoni zipite kwa taarifa tu. Zile za kusimama juu ya nguzo ziruhusiwe hadi mita 2.5, mhandisi aweke sahihi yake, na pande zote nne zibaki wazi. Siku upande mmoja utakapozibwa, hiyo ni ghorofa, na sheria ya ghorofa ishike mkondo wake bila kubembelezana. Afisa atakuwa na cha kupima badala ya cha kushuku.

Vipimo hivyo sikuviokota. Paneli hupewa nguvu yake kiwandani kwenye joto la nyuzi 25. Juu ya mabati yetu saa saba mchana hufika 60 na kupita, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza umeme kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi yapotea kwa joto tu, pale jua linapokuwa kali zaidi. Kwa hiyo anayetunga kanuni akisema paneli zigande na bati ili zisionekane, atakuwa amewaibia watu umeme kwa ajili ya urembo. Zataka nafasi ya upepo chini, sentimita 10 hadi 15. Kuhusu mwinamo, Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta na jua latupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mapema Oktoba, kwa hiyo kuelekea kaskazini au kusini si jambo la kugombania. Mwinamo wa nyuzi 10 watosha, na sababu yake kubwa ni mvua iweze kuosha vumbi na mavi ya kunguru. (Kunguru wa mji huu wangestahili barua yao.) Paneli ya mita 2.2 ikiinamishwa nyuzi 10 huinuka sentimita 38 upande mmoja. Ndiyo maana nasema 60.

Penye bahari, Waheshimiwa, hapo kanuni iwe kali kuliko mahali pengine popote, na naona ajabu kwamba watu hubishana juu ya sura ya paneli na kuisahau kutu. Nilipanda paa moja la Kizingo kukagua kazi ya mwenzetu mmoja. Fremu ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopigwa rangi ya fedha. Upande wa juu rangi ilikuwa bado yang'aa. Nilipoubonyeza mguu wa fremu kwa bisibisi, bisibisi ikazama, na vilivyoanguka kwenye slebu vilikuwa vipande vyeusi na vya kahawia kama majani ya chai yaliyopikwa. Nati moja iligeuka unga kwenye vidole vyangu. Juu ya mguu huo palikuwa na paneli nne, na chini ya ukingo wa paa palikuwa na njia ya watu. Kwa hiyo andikeni: fremu ziwe za alumini au chuma kilichochovywa zinki, bolti na nati ziwe za stenlesi, na alumini isikutane uso kwa uso na chuma kitupu, maana kwenye hewa ya chumvi hivyo viwili hulana. Sharti hilo laongeza gharama kidogo. Mimi ndiye nitakayewaeleza wateja sababu yake, na nakubali.

Zimamoto nao ni wenu kwa Katiba. Wanachohitaji ni swichi ya kukata umeme wa paneli iliyo mahali wanapoweza kuifikia, karibu na mita, yenye maandishi yasiyofifia, na njia ya kutembea juu ya paa. Jua likiwaka, waya zinazotoka kwenye paneli zina umeme hata Kenya Power wakiwa wamekata, na mwenye mpira wa maji mkononi lazima alijue hilo. Juu ya makuti, paneli zisifungwe kabisa.

Mji wa Kale najua ndiko kutakakoleta maneno. Ni eneo la hifadhi, Makumbusho ya Taifa yana ofisi yake pale, na Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Sitaki kuona paneli zimeegemezwa kwenye roshani ya nakshi, na fundi anayepiga dirili ya nguvu kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hajui anachokigusa. Ukuta ule ukitikiswa humwagika kwa ndani kabla hujauona nje. Lakini simameni kwenye kichochoro chochote kule mtazame juu. Paa halionekani. Njia ni nyembamba, kuta ni ndefu, na mbingu ni utepe. Mapaa yale huonekana kutoka baharini, kutoka juu ya kuta za Fort Jesus na kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa English Point. Basi kanuni ilinde hayo mandhari matatu na iache mengine: paneli nyeusi tupu zisizo na mistari ya fedha, zilale na mwinamo wa bati, waya zishukie uani, kuta za mbele na milango ya nakshi visiguswe. Tayari juu ya mabati yale pana matangi ya rangi za kila aina na madishi yaliyokufa zamani. Mwenye nyumba ya urithi ndiye anayehitaji pesa za kuitunza kuliko sisi sote. Akipunguziwa gharama ya stima, huenda akabakiwa na ya chokaa.

Nimefika penye jambo zito zaidi, ambalo kanuni za miji mingine hazitawasaidia kwa sababu miji mingine hawana shida hii kwa namna yetu. Mombasa, mwenye nyumba mara nyingi si mwenye ardhi. Baba alijenga, nyumba ni yake, anaweza kuiuza na kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na hulipiwa kodi ya ardhi miaka nenda miaka rudi. Majengo ni hivyo, sehemu kubwa za Kisauni na Likoni ni hivyo, Changamwe vile vile. Fomu yoyote ya kaunti itakayosema "ambatanisha nakala ya hati miliki" itakuwa imezifungia nje familia hizo zote kwa mstari mmoja.

Kuna mama mmoja Majengo anauza barafu, juisi ya ukwaju na samaki wa kugandishwa kutoka nyumbani kwake. Stima ikipotea mchana mmoja, faida ya wiki imeoza. Alikuwa na pesa za chama, akanipigia, nikapima paa, boriti zake zilikuwa nzima. Akaenda kuuliza kwenye ofisi moja, kwa sababu ni mtu wa kufuata njia, akaambiwa alete ramani iliyopitishwa na hati. Nyumba ilijengwa na marehemu mumewe kabla ya mtu yeyote mtaani kwake kujua ramani ni nini, na hati iko kwa mwenye ardhi. Nikamshauri amwombe huyo barua. Akanitazama. "Mwanangu," akaniambia, "mwenye ardhi akiviona vioo hivyo juu ya nyumba yangu, mwezi ujao kodi imepanda. Au ataniambia nyumba si yangu tena nimeifanya kiwanda." Akanunua jenereta. Iko kibarazani, yanguruma, moshi waingia kwa jirani mwenye pumu, na hakuna aliyemuuliza kibali chake.

Waheshimiwa, hili laweza kurekebishwa bila kungoja mizozo ya ardhi ya Pwani imalizike, maana tukingoja hiyo tutazikwa nayo. Taarifa ya sola ipokewe kutoka kwa mwenye nyumba kwa ushahidi wa nyumba: risiti za kodi ya ardhi, makubaliano ya mauziano, bili ya stima yenye jina lake, au barua ya mzee wa mtaa iliyothibitishwa na chifu. Na chini ya fomu hiyo pawe na maneno mawili matatu yaliyo wazi: kuwasilisha taarifa hii hakumpi mtu haki yoyote mpya juu ya ardhi wala hakumwondolei mwenye ardhi haki yake, na paneli zilizofungwa kwa bolti ni mali ya aliyezinunua, ataondoka nazo akihama. Mwenye ardhi hatakuwa na cha kuhofia, na mwenye nyumba hatakuwa na cha kuficha. Mwanasheria wenu atayapamba maneno. Maana yake isipotee tu.

Kwenye nyumba za ghorofa, shida si sheria yenu tu bali pia wasimamizi wa majengo. Kuna mtaa mmoja wa fleti ambako mnunuzi wa ghorofa ya juu alikatazwa kufunga paneli nne kwa sababu, aliambiwa, "zinaharibu sura ya jengo", na jengo lenyewe limejaa mashine za AC zinazodondosha maji kwenye kila dirisha. Kaunti yaweza kusema kwamba hakuna sharti la mtaa litakalozuia sola kwa sababu ya sura peke yake. Na kwa majengo mapya, kabla ramani haijapitishwa, mchoraji aonyeshe vitu viwili: sehemu ya paa isiyo na matangi, na bomba tupu la waya linaloshuka kutoka juu hadi kwenye chumba cha mita. Bomba hilo likiwekwa wakati wa kujenga ni pesa za kubebwa mfukoni. Likitafutwa baadaye, ni kutoboa slebu sita na kugombana na wapangaji wa ghorofa sita. Sisemi kila jengo jipya lilazimishwe kufunga paneli. Kanuni za 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku wafunge hita za jua, na mwaweza kutembea mji huu mkahesabu wenyewe ni ngapi mnaziona. Tayarisheni paa, mwenyewe atafunga hesabu zake zikikubali.

Kisha kivuli. Nyali, Tudor na Kizingo zinabadilika kutoka nyumba za ghorofa moja na mbili kwenda ghorofa nane, kumi na zaidi. Mtu anafunga paneli za kumfaa miaka 25, mwaka wa tatu jirani anapanda juu. Siwaombi mzuie majengo marefu; mji wenye ardhi finyu hauna budi kwenda juu. Lakini tayari mwenye kujenga anatakiwa kutangaza azma yake na majirani wasikilizwe. Ongezeni jambo moja: paneli zilizoandikishwa kwa kaunti ziwe sababu halali ya jirani kusikilizwa, na mjenzi aonyeshe kivuli chake kitaangukia wapi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Hapa petu kivuli cha kuogopwa zaidi ni cha jirani wa mashariki na wa magharibi. Wakati mwingine kusogeza ngazi na tangi la juu upande wa pili wa jengo kwamaliza ugomvi wote.

Viwanja vya kuegesha magari ni ardhi ambayo tumekwisha kuipoteza kwa lami, basi irudishe kitu. Ufaransa, kwa sheria ya 2023, viwanja vya magari vinavyozidi mita mraba 1,500 vilitakiwa kufunikwa nusu yake kwa paneli. Sisi tuanze kwa kuruhusu: paa la paneli juu ya maegesho lisihesabiwe kwenye kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kujengwa. Hoteli na maduka makubwa watafanya wenyewe, hasa kwa vile Sheria ya Kawi yamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kubadilishana umeme na laini, na kanuni zake zimetoka 2024. Na ninyi mna mapaa yenu. Soko la Kongowea, shule za chekechea, zahanati, vyuo vya ufundi: vyote hivyo ni vya kaunti na karibu vyote vinatumia stima mchana. Mkianza huko, maafisa wenu watajifunza kukagua sola kabla hawajaja kukagua zetu.

Nina onyo moja, na nalisema kwa adabu. Msiigeuze fomu hii kuwa chanzo kipya cha mapato. Ada ikiwekwa kwa kila paneli, au askari wa kaunti, wale ambao watu bado wanawaita kanjo, wakipewa kazi ya kuhesabu vioo juu ya nyumba, tutarudi kule kule kwa kufunga Jumapili. Fundi ameshalipia leseni EPRA, ameshalipia kibali cha biashara. Taarifa iwe ya ukurasa mmoja, ipokelewe kwenye ofisi ya kaunti ndogo na kwa simu, ibebe jina na leseni ya fundi, picha za paa kabla na baada, na mchoro wa mkono. Ada, kama lazima iwepo, isizidi gharama ya karatasi. Ukaguzi ufanywe kwa kuchagua chache, na atakayekutwa amefunga ovyo aadhibiwe fundi, si mama wa nyumba.

Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, simu yangu haikunyamaza. Wengi walionipigia walikuwa wateja wenye sola zisizo na betri, wakishangaa kwa nini nazo zimelala. Nikawaeleza kwamba hata mchana, inveta ya kushirikiana na laini, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, hujizima laini ikikatika, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Nasema haya ili mtu asije akawauzia ndoto kwenye kikao: kanuni nzuri za mipango hazitaondoa kupotea kwa stima. Zitakachofanya ni kumwezesha mwenye haja na mwenye pesa kidogo afunge kitu salama, hadharani, bila kumwomba mtu msamaha.

Barua hii naifuatisha na ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, kwa haki iliyo kwenye kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, nikiomba kanuni hizi ziletwe mbele ya kamati na wananchi tusikilizwe. Vikao hivyo naomba visiwe kisiwani peke yake. Viwekwe Likoni, Jomvu na Kisauni pia, siku ya Jumamosi baada ya alasiri, rasimu itangulie kwa Kiswahili angalau wiki mbili kabla, na mafundi tuambiwe mapema tulete paneli moja, fremu moja na nati iliyoliwa na chumvi, mzishike kwa mikono yenu.

Wenu mtiifu,

Fundi wa sola,
Mikindani, Mombasa